Kujitolea kwenye utafiti wa uonevu shuleni: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo

Mara ya kwanza nilipogawa dodoso la uonevu darasani nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wamekaa mmoja mmoja kwenye madawati, kimya, kalamu mkononi. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Dada, nikiandika ukweli, nani atasoma?"

Sikuwa na jibu. Nilijua karatasi zinakwenda kwa mtafiti mkuu, ila sikujua zitapita mikononi mwa nani, usiku zitalala wapi, wala kama mwalimu wa zamu aliyesimama mlangoni ndiye angeombwa kuzikusanya. Nikamwambia tu, "Usiogope." Akainama, akaandika. Tangu siku ile nimekwenda kukusanya taarifa mara kadhaa, na karibu kila kitu nilichojifunza kinahusu swali lake. Anayetaka kujitolea kwenye utafiti wa aina hii ajiandae kulijibu kwa ukweli kabla hajavuka geti la shule.

Nimewaandikia hasa wanafunzi wa vyuo vya Tanzania Bara. Wa Zanzibar na Kenya nitawataja pale taratibu zinapotofautiana.

1. Jua unachokwenda kupima

Kwa Kiswahili chetu "uonevu" ni neno pana. Jirani anaweza kukuonea, mwajiri anaweza kukuonea, hata refa anaweza kukuonea. Mtafiti ana maana finyu zaidi, na maana hiyo imetokana sana na kazi ya Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi miaka mingi Bergen, Norway. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, na ikaaminika kwamba walikuwa wakionewa na wenzao. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima, na Olweus akapewa nafasi ya kupima tatizo lenyewe na kutafuta njia ya kulipunguza. Kipimo chake kina mambo matatu: anayefanya anakusudia kuumiza, jambo linajirudia, na kuna tofauti ya nguvu kiasi kwamba anayefanyiwa hawezi kujitetea kirahisi. Vijana wawili wa kimo kimoja wakizipiga uwanjani, huo ni ugomvi. Kundi la kidato cha nne likimnyang'anya mtoto wa kidato cha kwanza ndoo yake ya maji kila jioni, huo ni uonevu.

Kipimo kingine utakachokutana nacho ni cha utafiti wa afya za wanafunzi shuleni unaoratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani. Ulianza mwaka 2003, na Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Tanzania nayo imeshaufanya. Kwa miaka mingi huo uliuliza kuhusu siku 30 zilizopita. Ndiyo maana unaposoma taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani ameonewa na wenzake, lazima usome na maneno yanayofuata: "angalau mara moja katika mwezi uliopita". Dodoso lililotokana na kazi ya Olweus huuliza kuhusu miezi michache, na kwa kawaida linamhesabu kuwa ameonewa yule aliyefanyiwa mara mbili au tatu kwa mwezi au zaidi. Ukilinganisha namba za vipimo hivi viwili bila kuangalia walichouliza, utasema shule moja ina hali mbaya kuliko nyingine kumbe maswali ndiyo yaliyotofautiana.

Nitakaa kidogo kwenye maneno, maana hapo ndipo mwanafunzi anayejitolea ana thamani kuliko profesa. Mtoto ukimuuliza, "Je, umewahi kuonewa?" atakuambia hapana. Halafu ukikaa naye kidogo anakueleza kwamba kila Jumamosi anafua nguo za watu watatu wa bweni lake. Kwake huo si uonevu. Ameambiwa ni utaratibu wa shule, kwamba njuka wote, yaani wanafunzi wageni, hupita hapo ili wakomae. Mwingine atasema, "Wananitania tu." Sisi ni watu wa utani, na utani wa kweli kati ya Mzaramo na Mnyamwezi ni jambo zuri, lakini utani una masharti: pande zote zinaruhusiwa kujibu, na pande zote zinacheka. Anayeitwa jina la kudhalilisha kila siku wakati wa prepo, masomo ya usiku, na hawezi kujibu hataniwi.

Kwa hiyo dodoso zuri la Kiswahili huuliza vitendo. Amekunyang'anya chakula au hela? Amekulazimisha umfulie au umchotee maji? Wamekubandika jina linalokuumiza? Wamekutenga makusudi, wakawakataza wengine kuzungumza nawe? Wametuma picha yako au maneno juu yako kwenye kundi la WhatsApp ili uchekwe? Ukipewa rasimu ya dodoso iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, isome kwa sauti mbele ya mdogo wako wa sekondari. Asipoelewa neno, liandike umpelekee mtafiti mkuu. Huo ni mchango halisi, na unaweza kuutoa kabla hujaenda popote.

Jambo la mwisho la kusoma kabla hujaanza: mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kwamba darasani hakuna mwonevu na mwonewa peke yao. Yupo anayemsaidia mwonevu kushika, yupo anayecheka na kushangilia, yupo anayemtetea mwonewa, na yupo anayejitenga kana kwamba hajaona. Mpango wa kuzuia uonevu wa KiVa wa Chuo Kikuu cha Turku ulijengwa juu ya wazo hilo. Ukilijua, utaelewa kwa nini dodoso linawauliza hata watoto ambao hawajawahi kuguswa.

2. Tafuta utafiti ulio hai, kisha uuchunguze

Anza na idara zinazoshughulika na mambo haya: saikolojia na elimu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo chake kishiriki cha elimu, DUCE, Chuo Kikuu cha Dodoma, afya ya jamii Muhimbili, Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Usipuuze wanafunzi wa shahada ya uzamili na uzamivu. Wengi wao wana bajeti ndogo na wanahitaji sana mtu makini wa kuwasaidia, na kwao utajifunza kazi yote toka mwanzo hadi mwisho, wakati kwenye mradi mkubwa unaweza kupewa kazi ya kuhesabu karatasi tu.

Andika barua fupi. Mfano:

*YAH: KUOMBA KUJITOLEA KATIKA UTAFITI WA UONEVU SHULENI*

*Mhusika wa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya elimu. Nimesoma kwamba unafanya utafiti kuhusu uonevu katika shule za sekondari za bweni. Ninaomba kujitolea siku mbili kwa wiki kuanzia likizo ya Julai. Nazungumza Kiswahili na Kihehe, ninaweza kuingiza taarifa kwenye kompyuta, na niko tayari kupata mafunzo ya maadili ya utafiti kabla ya kukutana na mtoto yeyote. Naambatisha nakala ya kitambulisho cha chuo na jina la mwalimu anayenifahamu.*

Sentensi ya mwisho ya ahadi, ile ya mafunzo kabla ya kukutana na mtoto, ndiyo itakayomfanya mtafiti makini akupigie simu.

Ukiitwa, na wewe uliza. Kibali cha maadili kimetolewa na nani, na naweza kukiona? Mafunzo ni siku ngapi? Mtoto akinieleza jambo zito nampigia nani, na huyo mtu amekubali kupigiwa? Nauli na chakula cha mchana vinalipwa na nani? Kujitolea maana yake hulipwi mshahara. Haina maana utumie boom lako, ile hela ya mkopo wa chuo, kwenda Kilolo na kurudi. Mtu asiyekuwa na jibu la swali la tatu bado hajawa tayari kuingia shule, hata kama ana fedha za kutosha. Na ukiambiwa uandike majina ya wanafunzi juu ya dodoso "ili tuwafuatilie baadaye" bila maelezo ya namna majina hayo yatakavyolindwa, ondoka.

3. Vibali na milango ya kupita

Hili si jukumu lako kuliongoza, ila lazima ulielewe, kwa sababu wewe ndiye utakayesimama mbele ya mkuu wa shule na bahasha.

Tanzania Bara, vibali vya utafiti viko chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na vyuo vina kamati zao za maadili. Utafiti ukigusa afya, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, inaingia. Zanzibar kuna taasisi ya ZAHRI kwa utafiti wa afya. Kenya leseni hutolewa na NACOSTI, tume yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Baada ya hapo barua inashuka: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Afisa Elimu, mkuu wa shule. Kila ofisi itagonga muhuri na kubaki na nakala, kwa hiyo toa nakala za kutosha mjini. Ukifika kijijini umeme ukikatika hutapata pa kutoa.

Shuleni pita ofisini kwanza, saini kitabu cha wageni, msalimie mkuu wa shule kwa shikamoo yake, mweleze kwa kifupi. Usitaje neno "tatizo". Shule nyingi huogopa kwamba umekuja kuziumbua. Mweleze kwamba jina la shule halitatajwa kwenye ripoti, ikiwa kweli ndivyo kibali kinavyosema.

Ratiba nayo ni muhimu. Septemba darasa la saba wana mtihani. Oktoba na Novemba shule za sekondari zina mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne, na mwezi Mei ni zamu ya kidato cha sita. Miezi hiyo walimu hawana nafasi nawe na wanafunzi wana hofu nyingine. Vijijini uliza pia siku ya gulio, kwa sababu baadhi ya watoto hawatakuwepo.

4. Ridhaa, na jibu la swali la yule binti

Kunatakiwa ruhusa mbili: ya mzazi au mlezi, na ya mtoto mwenyewe. Fomu ya mzazi ipelekwe nyumbani siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili chepesi, na wewe ukiwa na namba ya simu ya ofisi ambayo mzazi anaweza kupiga kuuliza. Kwa shule za bweni ambako wazazi wako mikoa mingine, kamati ya maadili ndiyo huamua njia ya kuwafikia. Usibuni njia yako mwenyewe hata kama mkuu wa shule amekuambia, "Mimi ndiye mzazi wao hapa."

Ruhusa ya mtoto ndiyo ngumu zaidi katika mazingira yetu. Mwalimu akiingia na kusema, "Wote mtajaza, na mjaze vizuri," ridhaa imekufa hapo hapo. Usibishane naye mbele ya wanafunzi. Ngoja atoke, kisha useme maneno haya, au yanayofanana na haya kadiri itifaki ya utafiti wenu, yaani taratibu zake zilizoidhinishwa, inavyoruhusu:

"Mimi siyo mwalimu wenu, na haya siyo mtihani. Hakuna jibu sahihi. Mwenzako hatajua umeandika nini. Usiandike jina lako popote. Usipotaka kujibu swali, liruke. Usipotaka kujaza kabisa, kaa na karatasi yako ikiwa tupu, mwishoni uitumbukize kwenye boksi kama wengine, hakuna atakayejua. Watakaosoma ni watu watatu wa chuoni kwetu. Mwalimu wako hatasoma, mkuu wa shule hatasoma, mzazi wako hatasoma. Karatasi zitafungiwa kabatini chuoni, na muda wake ukifika zitateketezwa."

Hilo ndilo jibu ambalo binti wa dawati la nyuma alistahili kulipata. Kila neno ndani yake lazima liwe kweli. Kama wasomaji ni watano, sema watano.

Pakiwa na usaili wa ana kwa ana, ongeza mpaka wa siri: "Ukiniambia jambo linaloonyesha uko hatarini, nitalazimika kumwambia mtu mmoja anayeweza kukusaidia. Nitakuambia wewe kwanza kabla sijamwambia." Kwenye utafiti mkubwa wa Good School Toolkit, mpango wa shirika la Raising Voices wa kupunguza ukatili dhidi ya watoto shuleni, uliopimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, Uganda, kati ya 2012 na 2014, watoto walielezwa mapema kwamba taarifa zao zinaweza kufikishwa kwa maofisa wa ulinzi wa watoto. Wapo watakaonyamaza baada ya kusikia hivyo. Ni haki yao, na ni afadhali takwimu zipungue kuliko mtoto aamini siri ambayo huwezi kuitunza.

5. Mafunzo

Fanya kozi ya maadili ya utafiti mtandaoni. Zipo za bure zinazotoa cheti. Kwenye mafunzo ya timu, ombeni muda wa kuigiza: mmoja awe mtoto anayelia, mwingine mwalimu anayechungulia karatasi, mwingine msaili. Ni hapo ndipo utagundua kwamba mdomo wako unakimbilia kusema "pole, usijali" kabla hujasikiliza. Fanyeni jaribio la awali kwenye shule isiyo kwenye sampuli, yaani isiyo miongoni mwa shule mtakazozipima. Na jifunze kusoma swali kama lilivyoandikwa, bila kuongeza maelezo yako, kwa sababu ukilifafanua kwa namna yako darasa A na mwenzako kwa namna yake darasa B, mmeuliza maswali mawili tofauti.

6. Siku yenyewe

Fika mapema. Vaa nguo za heshima na za kawaida, usivae kama mtu wa ofisi kubwa. Ukiingia wanafunzi watasimama wote na kuitikia "Shikamoo mwalimu", na hapo tayari umekuwa mtu mwenye mamlaka. Jitahidi kuivunja hali hiyo: jitambulishe kwa jina lako, uwaombe wakuite dada au kaka, ikiwezekana ukae.

Panga madawati mbalimbali. Mwalimu asiwepo. Hilo uliombe ofisini kabla, kwa adabu, ili lisiwe mshangao: "Mwalimu, utaratibu wetu unatutaka tubaki na wanafunzi peke yetu, tutakuita tukimaliza." Viranja wasigawe wala wasikusanye chochote. Naliweka wazi kwa sababu ndilo kosa nililoliona mara nyingi: kaka mkuu anajitolea kusaidia, ni kijana mzuri, mnamshukuru, kumbe nusu ya darasa inamuogopa yeye au rafiki zake. Siku moja kwenye shule ya bweni tulimruhusu kiranja akusanye safu moja tu. Karatasi za safu ile zilikuwa safi mno. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameonewa na mtu yeyote. Hatukuweza kuzitumia.

Tumia boksi lililofungwa lenye tundu juu, na kila mtu atumbukize mwenyewe. Usipite nyuma ya migongo ya wanafunzi. Kwa wasiosoma haraka, msomaji mmoja asome maswali kwa sauti darasa zima lisikie, ili anayehitaji msaada asilazimike kunyoosha mkono. Maswali mazito yakiisha usiwaache hivyo hivyo. Dakika tano za mchezo au wimbo wanaoupenda zinasaidia wasitoke na uzito ule kifuani.

Usaili wa mtu mmoja ufanyike mahali mnapoonekana lakini hamsikiki: chini ya mwembe katikati ya uwanja ni bora kuliko ofisi iliyofungwa mlango. Binti asailiwe na mwanamke akipenda hivyo. Usipige picha. Usiwashe kinasa sauti bila kuomba na kuonyesha kitufe cha kuzimia.

Kabla ya kutoka, mpe kila mwanafunzi kikaratasi chenye namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bure Tanzania na Kenya pia. Kila mwanafunzi, bila kubagua. Ukimpa mmoja tu baada ya kuzungumza naye, umemtangaza kwa bweni zima.

Kisha andika hesabu nne: walioandikishwa darasani, waliokuwepo siku ile, waliokataa, waliojaza. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya pili uitazame kwa makini. Mtoto anayeonewa mara nyingi ndiye anayetoroka shule au kuugua tumbo kila Jumatatu. Ukipima waliokuwepo tu, unaweza kuwa umewakosa hasa wale uliowajia. Kama ratiba inaruhusu, rudini siku nyingine kwa ajili ya waliokosekana.

7. Mtoto akikufungukia

Itatokea. Huenda isiwe darasani, ikawa unapokunja vitu vyako na mtoto anazungukazunguka mlangoni.

Acha unachofanya, kaa chini, msikilize. Usimkatize na usimuulize maswali ya kipelelezi ya nani, lini, mara ngapi; hiyo ni kazi ya watu wengine, na kila anaporudia simulizi anaumia upya. Maneno matatu yanatosha: "Asante kwa kuniambia. Hukukosea kuniambia. Nitamweleza mratibu wetu leo, na atajua la kufanya." Usiahidi kwamba yataisha. Ukiondoka tu, andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe, na umpigie mratibu, yule mtu wa timu aliyekubali kupigiwa, siku hiyo hiyo. Akisema anataka kufa au kujidhuru, usimwache peke yake hata dakika moja. Mratibu apigiwe hapo hapo na mtu mzima anayeaminika afike.

Kutoka kwa mratibu, njia ya kawaida ni mwalimu wa malezi na unasihi au dawati la ulinzi wa mtoto la shule, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na penye jinai, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti. Anayetajwa akiwa mwalimu au matroni, taarifa isipite shuleni. Iende moja kwa moja kwa afisa ustawi.

Sasa niseme usiyotakiwa kufanya, kwa sababu yote yanatokana na moyo mzuri. Usimpe namba yako ya simu, wala hela ya kununua ndoo nyingine. Usimfuate anayetuhumiwa. Na zaidi ya yote usiwaite wawili hao ili "wayamalize". Sisi tumelelewa kwenye suluhu: wagombane, mzee awakalishe, wapeane mikono, yaishe. Inafaa kwa ugomvi wa watu wenye nguvu sawa. Uonevu hauna usawa huo. Mtoto atapeana mkono na mwonevu wake mbele yako saa nane mchana, na saa nne usiku watakuwa bweni moja taa zikiwa zimezimwa, wewe uko kwenye basi unarudi mjini.

Najua inauma. Mimi nimeshalia kwenye basi hilo. Lakini mara mbili nimeona njia ya mratibu na afisa ustawi ikifanya kazi, polepole kuliko nilivyotaka: mmoja alihamishwa bweni, mwingine mzazi wake aliitwa na kusikilizwa. Nisingeweza kulifanya lolote kati ya hayo kwa mikono yangu.

Watoto watakuambia pia habari za fimbo na matusi ya walimu, hata kama utafiti wenu ni wa wanafunzi kwa wanafunzi. Yaandike mahali itifaki inapoelekeza. Usiyapeleke ofisi ya walimu kama hoja ya mjadala.

8. Karatasi na tableti zikitoka shuleni

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na taarifa za watoto zinahitaji uangalifu wa ziada. Kwa vitendo: boksi halibaki kwenye gari, halilali gesti bila mtu, halifunguliwi ovyo. Kama mnatumia tableti zenye programu za kukusanyia taarifa kama KoboToolbox au ODK, ziwe na nywila, na taarifa zitumwe mara mpatapo mtandao kisha zifutwe kwenye kifaa. Daftari linalooanisha namba za siri na majina, kama lipo, likae kabati tofauti na dodoso. Hakuna picha ya karatasi hata moja kwenye kundi la WhatsApp la timu, hata kwa kuuliza, "Hili neno linasomekaje?"

Hosteli nako ni hatari. Utatamani kusimulia. "Kuna binti mmoja wa shule fulani huko Iringa..." Aliye karibu yako anaweza kuwa dada yake.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilitaje wazi: kupika data. Jioni umechoka, zimebaki dodoso sita kufikisha idadi, na mwenzako anasema, "Tujaze tu, majibu yanafanana." Mpango wa kuzuia uonevu utajengwa juu ya namba hizo. Ukibuni watoto sita wasioonewa, umeshusha kiwango cha shule ambayo huenda ilihitaji mnasihi. Andika kwamba zimepungua sita. Mtafiti yeyote anajua kuishi na pengo.

9. Kama wewe mwenyewe uliwahi kuonewa

Wengi tunaokuja kwenye kazi hii tulionewa, na wengine tulicheka pembeni mwenzetu akionewa. Mwambie mratibu mapema. Hatakuondoa, atakupanga na mwenzako. Kila jioni timu ikae nusu saa, kila mtu aseme kilichomgusa bila kutaja mtoto. Ukiona hulali, pumzika siku moja au hamia kwenye kuingiza taarifa kompyutani.

10. Wanafunzi wa sekondari wanaotaka kusaidia

Wanafaa sana, ila siyo kwa kuwasaili wenzao wa shule moja. Wawe washauri: wapitie maneno ya dodoso, waseme ni saa ngapi na wapi uonevu hutokea kwao, foleni ya chakula, bombani, njiani kutoka kituo cha daladala, na waseme kama matokeo yanaingia akilini. Walipwe nauli na wapewe soda na kitafunwa kama mtu mzima yeyote aliyeitwa kwenye kikao.

11. Kurudisha matokeo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na shule zinaikumbuka. Mwaka unaofuata akija mtafiti mwingine ataambiwa, "Wenzenu walichukua wakapotea."

Mwombe mtafiti mkuu siku moja ya kurudi. Tumia karatasi ya manila na kalamu nene, michoro mitatu au minne inatosha. Darasa likiwa na wanafunzi wachache, usionyeshe namba za darasa lile peke yake. "Wawili kati ya kidato cha kwanza" ni karibu sawa na kutaja majina. Anza na walimu kwa muda mfupi ili wasishtukizwe, kisha nenda kwa wanafunzi, na huko ubaki muda mrefu. Waulize wao kwa nini bombani kumeongoza. Utapata maelezo ambayo hayako kwenye jedwali lolote: kwamba bomba ni moja, maji hutoka kwa muda wa saa moja tu, na wakubwa hawapangi foleni. Mkuu wa shule akisikia hivyo anaweza kuweka zamu ya mwalimu bombani wiki hiyo hiyo, bila bajeti.

Kila mwaka Alhamisi ya kwanza ya Novemba ni siku ya kimataifa ya kupinga ukatili na uonevu shuleni, na utatamani kuitumia. Kwetu ni msimu wa mitihani. Chagua Februari, wakati kidato cha kwanza wamefika na bado hawajaambiwa kwamba kufua nguo za wengine ni utaratibu wa shule.

Ukimaliza, omba barua ya mtafiti mkuu inayoeleza ulichofanya na kwa siku ngapi. Itakufaa kwenye maombi ya kazi na ya shahada ya pili. Na siku daftari la majina litakapoteketezwa, omba uwepo, uhesabu kurasa zake kabla hazijaingia motoni, na usaini fomu kwamba zote zimeungua.